Diwani Gharibu na Roho ya Kiboko

"Niulizeni kuchelewa kwenye kikao, nitakubali. Niulizeni kuchelewa kwa barabara, nitawaonyesha mkandarasi. Lakini kwa mnyama, enyi wana Nyambangala, mimi Gharibu Kondo sijawahi kuchelewa hata siku moja."

Maneno hayo aliyatoa mwaka 2015, uwanja wa mnada, amesimama juu ya meza ya muuza mitumba huku kipaza sauti kikipiga miluzi kuwazidi wananchi. Mgeni angedhani mgombea kachanganyikiwa na jua. Wenyeji tulipiga makofi mpaka meza ikayumba. Kura alizopata mwaka ule ni nyingi kuliko zote alizowahi kupata, na hakuna aliyesoma ilani.

Ukitaka kumwelewa Gharibu, anza na miguu yake. Kichwani tumeshaingia wengi, na hakuna aliyetoka na jibu.

Kazaliwa hapa hapa Nyambangala, kata iliyokaa kati ya lami ya Kibiti na bonde la Rufiji. Baba yake, Mzee Kondo, alilima mpunga bondeni na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo mkulima hukaa kufukuza nguruwe, ndege na viboko. Gharibu alimaliza darasa la saba, akaona elimu imetosha. Mwaka 1990 akamfuata mjomba wake kwenye kambi za uwindaji wa kitalii huko juu ya mto, kazi ya kubeba mizigo.

Sasa kambi zile zilikuwa na tatizo moja. Anayepiga risasi ni mgeni kutoka Ulaya, anataka pembe akazitundike sebuleni kwake. Nyama inabaki kwa wabebaji. Wabebaji wote ni watu wa huku, Waislamu, na mnyama akikata roho kabla kisu hakijafika shingoni, huyo ni kibudu. Halafu watu arobaini wanakula ugali na maharage huku wameketi mbele ya mlima wa nyama. Kwa hiyo kila kambi ilimhitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukimbia. Risasi inalia, yeye anachomoka na kisu mkononi, anamkuta nyati ambaye bado hajaamua kama amekufa au amekasirika, anasoma bismillahi, anakata.

Gharibu aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mbili. Ana kovu la paja ambalo huwaonyesha wanaume wenzake na kuwasimulia wanawake. Na kanuni yake ilijulikana kambi zote. Akifika, anatazama jicho, anatazama sikio, anakata, anatazama damu inavyoruka. Akiridhika anainua kisu na kupiga kelele, "Halali!" Mpaka apige kelele hiyo, hakuna anayegusa nyama. Asiporidhika anafuta kisu kwenye majani na kurudi kimya, na kambi nzima inajua leo ni maharage.

Mjomba wake alikuwa akisimulia siku moja ambapo watu walikaa siku nne bila kitoweo, akaangushwa nyati dume, Gharibu akarudi kimya. Mnyapara wao akamfuata pembeni.

"Gharibu, mwanangu, kapige kelele tu. Nani atajua?"

"Mimi kwani si mtu?"

Basi. Wakala maharage. Mnyapara hakumsemesha mwezi mzima, lakini tangu siku ile Gharibu akisema halali, hata shehe anakula macho yamefumbwa.

Siasa aliingia kwa njia hiyo hiyo. Alirudi kijijini akaanza kuchinja ng'ombe wa harusi, mbuzi wa hitima, kuku wa mgeni wa ghafla. Mtu anayeingia nyua zote za kata na kisu, akatoka kila mahali na shukrani na kipande cha ini, huyo ni mwanasiasa, awe anajua au hajui. Mwaka 2005 aligombea udiwani akashindwa. Mwaka 2010 akashinda, na akashinda tena mara mbili baada ya hapo.

Hapo ndipo tulipoanza kupotea.

Maana Gharibu wa kisu alijulikana, lakini Gharibu wa kikao hakuna aliyeweza kumshika. Kuhusu wanyama, msimamo wake ulitegemea saa. "Kiboko ni mali ya taifa mpaka jua linapozama," aliwaambia wakulima wa bondeni. "Likishazama, ni mwizi wa mpunga kama mwizi mwingine." Wiki ile ile walikuja wageni wa mradi wa uhifadhi na vizibao vyao, akawaambia kiboko ni mzee wa bonde na sisi wote ni wapangaji wake. Wakampiga picha. Kuhusu tembo alisema ana haki zote ila hana shamba. Kuhusu uwindaji wa kienyeji aliwahi kusimama kwenye baraza la halmashauri akasema, "Mwenyekiti, naunga mkono hoja, isipokuwa ile sehemu moja." Mwenyekiti akauliza sehemu ipi. "Ile inayoanzia mwanzo," akajibu, akakaa. Mpaka leo muhtasari wa kikao unaonyesha aliunga mkono. Pia unaonyesha alipinga.

Kwenye uvuvi ilikuwa vurugu tupu. Alikwenda visiwani kwenye delta na kamati ya madiwani kuchoma makokoro, zile nyavu zinazozoa mpaka vifaranga vya samaki. Akashika kiberiti yeye mwenyewe. "Samaki mdogo ni mwanafunzi," alisema mbele ya moshi, "mwacheni amalize shule." Baada ya siku kumi wavuvi wa kata yetu wakamwita kambini kwao wakamlalamikia kuhusu uonevu. Akawaambia serikali haina huruma, haijui njaa ya mvuvi. Mmoja akamuuliza, Mheshimiwa, si wewe uliyewasha moto? Akamjibu kwa utulivu kabisa, "Nilichoma nyavu. Sikuchoma wavuvi." Huku anakula dagaa, tena wale wadogo ambao hawajafika hata chekechea.

Unaweza kusema ni mnafiki. Nimewahi kusema hivyo, tena kwa sauti. Lakini mnafiki huwa anajua anachokificha. Huyu ukikaa naye barazani unaona kabisa kwamba maneno yote mawili anayaamini, la asubuhi na la jioni, na yenyewe hayajawahi kukutana. Anamhurumia samaki anapomwona, na anamhurumia mvuvi anapomwona. Mbaya ni kwamba hawaji siku moja.

Jambo moja tu halikuyumba miaka yote hiyo. Kisu. Kama ni uongo wa barabara, tulipewa. Zahanati iliahidiwa mara nyingi mpaka watoto wakadhani ni jina la sikukuu. Ila hakuna mtu wa Nyambangala aliyewahi kusema Gharibu alimdanganya kuhusu mnyama.

Ikaja 2025, mwaka wa uchaguzi, na kiboko wake.

Baada ya mafuriko, lile ziwa la nyuma ya kijiji lilibaki na maji mengi kuliko kawaida, na ndani yake akabaki kiboko dume mmoja mzee, aliyefukuzwa na wenzake mtoni. Watoto walimpa jina Mgombea Binafsi, kwa sababu yuko peke yake na sheria haimtambui. Kila usiku alipanda bondeni. Mpunga ulikuwa umeanza kuzaa. Aliyeumia zaidi ni Bi Mwanabibi, mama mtu mzima, mjane, mwenye ulimi unaoweza kumenya nazi.

Alimkuta Gharibu sokoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Gharibu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Bi Mwanabibi anamzidi miaka kumi na tano na aliwahi kumbeba mgongoni. "Shangazi, mbona unaniamkia? Mimi mwanao."

"Siku hizi sijui mkubwa nani. Kiboko kanimalizia nusu ya shamba. Nikitaka kumpiga, naambiwa ni mali ya serikali. Serikali si ndiyo wewe?"

"Barua nimeshaandika, shangazi."

"Basi kamsomee. Labda hajui kama ameandikiwa."

Soko zima lilisikia. Barua ya pili ikaandikwa jioni ile ile, na ya tatu wiki iliyofuata, na hiyo ya tatu ilikuwa kali, naijua vizuri kwa sababu mwandiko ni wangu. Mwisho wa Juni wilaya ikamtuma afisa wa wanyamapori, kijana wa Kilombero, na bunduki na risasi tatu zilizosainiwa. Alikuja Alhamisi. Kura za maoni ndani ya chama zilikuwa zimebakiza wiki tatu.

Walikutana ofisi ya kata kupanga. Afisa akasema mnyama atapigwa alfajiri, akiwa nchi kavu anarudi ziwani, na nyama itagawiwa kwa kaya kama utaratibu ulivyo. Swali likabaki nani atachinja. Maalim Badru, imamu wetu, mtu mpole anayeongea kama anayehofia kuamsha mtoto, akampendekeza Ridhiwani, mwadhini wa msikiti, kijana wa miaka ishirini na nne anayecheza winga ya kulia.

"Hapana," Gharibu alisema. "Kiboko huyu ni wa barua zangu."

"Mheshimiwa, matope yale ni mabaya," Maalim akamwambia. "Na goti lako tunalijua."

Goti hilo aliliumiza alipoanguka na bodaboda akienda kukagua daraja ambalo halikuwepo. Lakini pembeni ya meza alikaa Idrisa, muuza vifaa vya sola, aliyekuwa amechukua fomu kugombea dhidi yake. Idrisa ana tabasamu la mtu anayekupimia kitambaa.

"Mwacheni mzee wetu," alisema. "Si mwenyewe alishasema kwa mnyama hajawahi kuchelewa?"

Ikaisha hivyo. Nyumbani mkewe, Sikudhani, alimtazama akinoa kisu.

"Baba Tatu, hilo goti unakwenda nalo au unaliacha hapa?"

"Mama Tatu, usinikatishe tamaa."

"Mie sikukatishi. Nauliza tu nijue kama niliandalie chai."

Alfajiri ya Ijumaa afisa alipanda kwenye dungu la Bi Mwanabibi. Gharibu alikaa chini yake, kanzu ameikunja kiunoni, miguuni kavaa kandambili za matairi. Kijiji kizima tulikuwa nyuma ya tuta, umbali wa uwanja wa mpira, na sufuria tayari. Wengine walikuja na ndimu kabisa.

Mgombea Binafsi akatoka mpungani, tumbo limejaa, anatembea polepole kama mwenye nyumba. Risasi ya kwanza ikalia. Akakimbia, na kiboko akikimbia ndipo unapojua kwamba yale mafuta ni mapambo tu. Risasi ya pili ikamshika ukingoni mwa ziwa. Akaanguka, mwili uko kwenye matope, pua iko majini.

Gharibu akachomoka. Afisa akainua mkono, akapaza sauti kutoka juu, "Mzee, subiri! Sijahakikisha!"

Akasimama.

Hapa ndipo kijiji kilipogawanyika, na bado hakijaungana. Alisimama muda gani? Wapo wanaosema ni kama kusoma Fatiha moja. Wapo wanaosema unaweza kuvuta sigara mpaka kichungi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa natazama, na ukiniapisha nitasema alisimama muda wa kutosha kwa mtu kujiuliza kwa nini amesimama. Enzi za kambini asingesimama hata mgeni angemwelekezea bunduki. Lakini enzi za kambini hakuwa diwani, na aliyempigia kelele hakuwa serikali.

Afisa aliposhusha mkono, Gharibu akakimbia. Tuseme alikwenda. Goti lilikuwa linakwenda upande mmoja na yeye upande mwingine, kandambili moja ikabaki matopeni, akaendelea na nyingine, akaanguka, akainuka na kisu bado kiko juu. Akafika. Tukamsikia, "Bismillahi, Allahu Akbar." Shingo ya kiboko si shingo ya mbuzi, akakata na kurudia. Damu ikatoka. Akasimama akiitazama. Akainua kisu.

"Halali!" tukapiga kelele.

Tulipiga sisi. Wakati ule hakuna aliyegundua.

Nyama ikagawiwa kwa orodha ya mtendaji, kila kaya na fungu lake, mafuta yakachemshwa kwenye madebe, na ilipofika saa nne asubuhi kata nzima ilinukia. Kuhusu kiboko mwenyewe kama analika au haliki, babu zetu walibishana mpaka wakashiba, hatukuyarudia. Watoto hawakwenda shule. Walimu nao hawakuwauliza, kwa sababu walikuwa wanapika.

Swali lilizaliwa kwenye kibanda cha kahawa, kabla ya swala ya Ijumaa. Idrisa aliweka kikombe chini, akauliza polepole, kama mtu anayeulizia bei ya betri.

"Hivi, kuna aliyemsikia mwenyewe akisema halali?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema ndiyo, alimsikia. Akaulizwa, ulimsikia yeye au ulimsikia Dulla aliyekuwa amesimama mbele yako? Akafikiri, akasema alimsikia Dulla. Dulla, kijana wa bodaboda na mpiga debe mkuu wa Gharibu, akasema yeye alipiga kelele kwa sababu kisu kiliinuka.

"Kisu kuinuka siyo kauli," Idrisa akasema.

"Sikio lilitikisika. Nimeliona mimi kwa macho yangu."

"Sikio lilikuwa ndani ya maji, Dulla. Hata jani lilitikisika."

"Kwa hiyo unasema tumekula kibudu?"

"Mimi nimesema? Mimi nimeuliza."

Ndani ya nusu saa swali lilikuwa limepita nyumba zote, na kila nyumba likaongeza uzito. Waliokwisha kula walianza kusukutua. Ambao hawajala walifunika vyungu wakakaa navyo kama wanaolinda maiti. Mtu mmoja aliulizwa na mwanawe kama anaruhusiwa kutafuna kilichomo mdomoni, akamwambia atulie nacho kwanza.

Mbaya zaidi, ikajulikana kwamba Gharibu mwenyewe hajaonja. Sikudhani ndiye aliyeliona hilo kabla ya wote.

"Baba Tatu, chungu kinachemka. Nipakue?"

"Tumbo haliko sawa."

"Tumbo limeanza lini?"

Alikuwa amekaa barazani, kisu kiko mapajani, hakijaoshwa.

"Nauliza tena kama mpishi, siyo kama mke. Nipakue, au nisubiri?"

"Subiri," alimwambia. Baadaye kidogo akasema, "Sijui unasubiri nini. Lakini subiri."

Baada ya swala, hakuna aliyeondoka. Maalim Badru akasimama mbele, na wanawake wakasogea kwenye ukuta wa nje. Kwanza ikatolewa hoja kwamba kama mpigaji alisoma bismillahi, basi risasi yenyewe inatosha. Mtu akatumwa kwa afisa, aliyekuwa anafunga mizigo yake. Afisa akajibu kwamba yeye si Mwislamu, na wakati wa kupiga alichosoma ni namba ya risasi, kwa sababu kila moja ina maelezo yake ofisini.

Maalim akakohoa.

"Jambo hili lina wepesi wake," alisema. "Aliyeshika kisu ndiye shahidi. Akisema mnyama alikuwa hai, tumekula halali, na dhamana ni yake mbele ya Mola. Akisema alikuwa amekwisha kufa, tulikula kwa kutojua, Mungu ni msamehevu, na iliyobaki tunaimwaga. Mheshimiwa, neno ni lako."

Dulla alikuwa amekaa nyuma ya Gharibu. Nilimsikia, na nadhani msikiti mzima ulimsikia, maana Dulla hajui kunong'ona. "Hai, Mheshimiwa. Neno moja tu. Hai, twende zetu kwenye kura."

Na kweli lilikuwa neno moja. Wapiga kura wote wa chama walikuwa ndani ya msikiti ule au nje ya ukuta wake, na wengi wao walikuwa na kiboko tumboni. Akisema hai, wangelala salama na wangemkumbuka. Akisema amekufa, amewalisha kibudu kata nzima, na Idrisa asingehitaji hata kubandika bango.

Gharibu alisimama kwa kushika nguzo.

"Nilifika," alianza. "Jicho lilikuwa wazi. Halikucheza. Sikio lilitikisika, lakini maji nayo yalikuwa yanatikisika, na mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka. Nikakata. Damu ilitoka. Haikuruka kama inavyoruka. Lakini haikutoka kama ya mfu. Ilitoka... ilitoka tu. Nikainua kisu ili niitazame damu yake kwenye mwanga, mkapiga kelele."

"Kwa hiyo alikuwa hai," Dulla akasema.

"Sijui."

"Basi alikuwa amekufa," akasema Idrisa.

"Sijui, Idrisa."

"Mheshimiwa, sisi tunaomba ndiyo au hapana."

"Miaka kumi na tano nawajibu ndiyo," Gharibu alimwambia, na sauti haikuwa ya mkutano, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Barabara nilisema ndiyo. Zahanati nilisema ndiyo, na nilijua hakuna hata tofali. Mngeniuliza daraja sasa hivi ningesema ndiyo. Hili mnaloniuliza sijui. Nimekaa tangu asubuhi namkumbuka yule mnyama na sijui."

Akakaa.

Nimeona vikao vingi vikivunjika kwa ugomvi. Kile kilivunjika kwa kukosa la kugombea. Watu walikuja na majibu mawili mfukoni, wakapewa la tatu, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuliweka. Mwisho Maalim Badru akasema penye shaka, ni vyema kuacha, lakini aliyekula hana kosa, ila asiongeze, ingawa kama ameshaitia chumvi na kuikausha, hilo nalo lina maelezo. Mtu akauliza, na mchuzi? Maalim akasema swala imekwisha, kila mtu arudi nyumbani kwa amani.

Jioni nyama ikaanza kutoka majumbani. Wengine waliitupa ziwani, na hapo mamba wakapata Idi yao. Mwalimu mkuu, mtu wa bara na Mkristo, alikuja na toroli akachukua paja zima, akamshukuru kila mtu kwa heshima kubwa, akashauri kwamba likitokea tatizo la dini kama hili tena aitwe mapema. Majirani walikwenda kwa Bi Mwanabibi kumkumbusha fungu lake.

"Yangu haitoki," alisema.

"Bi Mwanabibi, ina shaka."

"Yeye alipokuwa anakula mpunga wangu alimuuliza nani?"

Akala mpaka ikaisha. Yu mzima.

Wiki tatu hizo hakuna aliyejua kura itakwendaje, hata waliokuwa wanapiga. Nilimuuliza mjumbe mmoja atampa nani. Akasema Gharibu, kwa sababu ni mkweli. Nikamuuliza, si kasema mwenyewe kwamba ametudanganya miaka kumi na tano? Akasema ndiyo, kwa hiyo atampa Idrisa. Nikamwacha njia panda, akiwa bado anafikiri. Mwingine alikasirika kabisa. Alisema diwani aliyeshindwa kusema neno moja kuwaokoa watu wake na dhambi ataweza kusema nini Dodoma? Nikamkumbusha kwamba diwani hafiki Dodoma. Akasema hata hivyo.

Siku ya kura za maoni Idrisa alipata 143 na Gharibu 97. Idrisa alimshukuru mzee wake kwa kulea kata, akaahidi barabara, zahanati na daraja. Watu wakapiga makofi. Gharibu naye akapiga, kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine.

Sikudhani alitegemea mumewe atalala wiki nzima. Gharibu aliamka siku ya pili akaenda kulima. Goti limekuwa baya, anatembea na fimbo, na mtu akimsalimia "Mheshimiwa" anaitika kabla ya kukumbuka. Nilikwenda kumuuliza, kwa ajili ya maandishi haya, sasa anaamini nini hasa kuhusu viboko, samaki na pori. Akasema wanyama walindwe. Akasema watu wale. Nikamwambia, mzee, hayo ndiyo yale yale. Akasema anajua, na kama nina lingine niandike la kwangu.

Kitu ambacho sikielewi, na nimejaribu, ni hiki. Uwani kwake asubuhi kuna foleni. Watu wanaleta kuku. Wa hitima wanaleta mbuzi, wanamshikia fimbo, wanamsubiri ainame polepole, goti likilia. Anakata, anatazama, anasema halali au anakaa kimya. Kuku wawili mwezi uliopita aliwakalia kimya, na wenyewe wakawazika bila neno. Nusu ya kata hawampelekei kitu tena, wanampita mlangoni kwenda kwa Ridhiwani, yule mwadhini, wanasema Gharibu amezeeka na macho hayaoni. Nusu nyingine hawali kwa mkono wa mtu mwingine. Na hizo nusu mbili hazifanani na zile za kura. Dulla aliyempigia debe anakwenda kwa Ridhiwani. Wapo watu wa Idrisa, tena wa karibu, wanaotuma kuku kwa Gharibu kupitia mlango wa nyuma.

Nilimkuta Bi Mwanabibi kwenye foleni, ameshika jogoo miguu juu. Nikamuuliza kwa nini hapa.

"Karibu na nyumbani," alisema.

Nyumba ya Ridhiwani inapakana na ya Bi Mwanabibi mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kama ninayemzuia foleni isiende.

Kuchinjiwa kuku mmoja kwa Gharibu ni shilingi mia tano. Kwa Ridhiwani ni bure.